Yaya, umejikata

Wiki hii mdogo wangu amejifungua mapacha, mvua ya kwanza imenyesha, mwenye nyumba amepandisha kodi tena, na mimi saa nne hii ya usiku sijalala kwa sababu ya neno moja alilonitamkia mteja Jumanne asubuhi.

Mnaijua atelie yangu ya kushona ya Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, mashine mbili na kioo kilichopasuka pembeni. Mteja ni yule mama wa kikwembe, yaani kitenge, cha kijani, yule niliyewaambia hulipa nusu kabla hujamwomba. Nilikuwa nimepiga magoti namwekea pini kwenye pindo, pini nyingine nne nimezibana kwa midomo. Mlango ulikuwa wazi, jua la Oktoba limeingia mpaka ndani. Akaniangalia kutoka juu.

“Yaya, umejikata.”

Nikajibu “mmh”, maana pini.

“Hapa.” Akagusa kidevu chake mwenyewe, upande wa kushoto. “Mume wangu naye akijikata hupakaa shabu. Damu inakauka palepale.”

Kisha akageuka nimwekee pini za nyuma, tukazungumzia bei ya makala, yaani mkaa. Basi, ndiyo yote.

Tangu hapo nayapapasa maneno hayo kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka sakafuni gizani. Angesema “mama, umejikata”, ningefurahi mwezi mzima. Angesema “papa”, yaani baba, ningelia siku moja nikamaliza. Lakini akasema yaya. Ninyi mnaonisoma kutoka Mombasa au Dar, najua kwenu yaya ni msichana anayelea watoto wa watu. Kwetu Lubumbashi yaya ni mkubwa wako wa tumbo moja, awe wa kike au wa kiume, na kila mtu unayetaka kumheshimu bila kumhesabia miaka. Ni neno lisilofungua mlango wala kuufunga. Kwa miaka mingi nimelipenda kwa sababu hiyohiyo, kama ninavyokipenda Kiswahili chenyewe, ambacho kinasema “anakuja” na hakiulizi ni nani aliyevaa nini. Jumanne ndiyo mara ya kwanza limeninyima usingizi.

Halafu hiyo “naye”. Mume wangu naye. Mwanamke akijikata mguu kwa wembe, nani atamtajia mumewe? Hiyo “naye” ilinitoa upande mmoja wa chumba ikanipeleka upande wa pili, nikakae na waume. Au ndivyo nilivyosikia. Jumatano nilikuwa na hakika alitaka niumie. Alhamisi nikawa na hakika hakuwaza chochote, ni mama tu aliyeona damu. Mdogo wangu alipiga simu kutoka hospitali akanieleza uzito wa kila mtoto, na aibu ninayo kusema kwamba nilimwomba arudie, kwa sababu nilikuwa nikiisikiliza “naye”.

Sasa, nilijikataje? Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumatatu jioni. Naamka saa kumi na moja, wenye nyumba wakiwa wamelala, nachemsha maji kwenye mbabula, jiko la makala. Taulo ya moto dakika tano usoni, la sivyo nywele hazilegei. Tochi ya simu niliisimamisha ndani ya kikombe. Wembe ni wa makali mamoja, kwa sababu ile yenye makali matatu huvuta unywele na kuukata chini ya ngozi, na nywele zetu hizi za kujikunja zikikatwa chini hujipinda zikaingia tena nyamani, ndipo vile vipele. Nafuata unywele unakolala, sirudi nyuma. Lakini upande wa kushoto wa kidevu changu zimelala kwa mzunguko kama maji yanayotoka kwenye karai, na hapo ndipo tochi ilipoteleza kikombeni. Nikamaliza kwa kupapasa. Baadaye rangi ya mdomo ya machungwa, kidogo kwa ncha ya kidole, ili kuua ule ukijivu unaobaki hata baada ya wembe, kisha krimu, kisha poda. Saa nzima kila siku, mpate kusema nimependeza bila kujua kwa nini.

Najua mtaandika: na leza je? Kila nikiandika kuhusu wembe mtu ananiuliza leza, kama vile niliisahau ndani ya basi.

Wasomaji wa zamani wanaijua habari ya yule wa koti jeupe aliyenipiga leza hapa mjini, sitarudia yote. Nilimuuliza kama mashine yake inafaa ngozi kama yangu, akanijibu “mashine ni mashine”. Alama mbili za kahawia kwenye shavu la kulia ndiyo risiti niliyobaki nayo. Baadaye ndipo nilipojifunza nilichopaswa kukijua kabla ya kulala kwenye kile kitanda: mwanga wa leza hautafuti unywele, unatafuta weusi. Hunywewa na melanini, ndiyo huo weusi wa ngozi na nywele, ukageuka joto, joto likachoma shina. Kwa Mzungu mwenye nywele nyeusi kazi ni rahisi. Kwangu mimi ni sawa na kumtuma mtoto mtaa wa Katuba ukimwambia, “Kaniletee mtu mweusi.” Atarudi na mtaa mzima. Mashine ya koti jeupe, kwa jinsi nilivyokuja kuelewa, ilikuwa ya nanomita 755, huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake, inayomwaga joto lake juujuu kwenye ngozi. Ngozi nyeusi inataka ile inayoitwa Nd:YAG, nanomita 1064, ambayo weusi wa ngozi hauinywi sana, kwa hiyo inapita na kushuka chini mpaka mahali shina lilipo. Inauma zaidi. Sitawadanganya, ni kama mpira wa manati mdomoni, tena na tena.

Hiyo niliipata Johannesburg. Vikao 4, kati ya 8 nilivyoambiwa. Haiwezekani kumaliza siku moja, kwa sababu leza huua tu unywele ulio katika kukua, na nyingine wakati huo zimelala zinakungoja uondoke. Unarudi baada ya wiki nne mpaka sita. Hebu hesabu mabasi kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hesabu mipaka, na hesabu afisa wa kila mpaka anayeangalia jina kwenye pasipoti, kisha hereni zangu, kisha jina. Kikao cha tano nilikibadilisha kwa mashine ya pili ya kushona, na sijutii, ingawa kidevu kinajuta. Mashavu yamekuwa laini kabisa. Kidevu na mdomo wa juu ni wakaidi, ndiko homoni za ujana zilikopanda mizizi. Na wale wanaoniambia vidonge vitaziangusha: homoni za kike hupunguza nywele za mwili polepole, ndevu zilizokwisha kuota haziziondoi. Ningekuwa nimeandika hilo kwenye ukuta wa nje.

Hata Wamarekani, mamlaka yao ya dawa huruhusu leza iitwe ya kupunguza nywele kwa kudumu, si ya kuziondoa. Mwezi uliopita nimeona udevu mmoja mweupe chini ya mdomo. Nilicheka peke yangu. Huo leza haitauona kamwe.

Basi Ijumaa akaja kuchukua nguo.

Nilikuwa nimejiandaa. Poda mara mbili, kidevu chini, maneno machache. Akavaa, akajigeuza kwenye kioo kilichopasuka, mkono wa kushoto ukakaa vizuri, wa kulia ukakaa vizuri. Nikafikiri sasa atalipa na kwenda. Badala yake akavuta pazia la mlango, akafungua pochi, akatoa kibano. Kibano cha chuma, kimefungwa kwenye leso kama dhahabu.

“Yaya, nikuulize kitu. Wewe unafanyaje?”

Akainua kidevu kwenye mwanga. Zilikuwa nywele sita, labda saba, nene, nyeusi, moja imejikunja chini ya ngozi na kufanya kijipu. Zimemwanza baada ya mtoto wa pili. Anazing'oa ndani ya taksi, kwenye kioo cha poda, kabla mumewe hajarudi.

“Na ile shabu?” nikamuuliza. Siku nne za maisha yangu zilikuwa ndani ya swali hilo.

“Shabu ni yangu. Mume wangu huenda kwa kinyozi.”

Nilikaa chini, kweli, kwenye kile kigoda cha mteja. Halafu sijui nini kilinishika, nikaanza kuongea kama redio. Nikamwambia kwanza akamwone daktari wa wanawake, kwa sababu nywele nene zinazoanza kidevuni mwa mwanamke mara nyingine hutokana na homoni kutoka kwenye ovari, hasa kama siku zake zimevurugika. Akasema zimevurugika. Nikamwambia kung'oa kunamletea vijipu, na tena akija kupata pesa ya leza asing'oe wiki kadhaa kabla, anyoe tu, kwa sababu leza inahitaji shina liwe mahali pake. Shina likiwa limeng'olewa mwanga unapiga nyumba tupu. Nikamkataza zile taa ndogo za nyumbani zinazouzwa kwenye simu, nyingi si za weusi wetu. Nikamuuliza taratibu kama anapaka mafuta ya kujichubua. Akanyamaza kwa muda. Nikamwambia kama anapaka, aache kwanza, ngozi iliyochubuliwa ikikutana na leza ni petroli na kiberiti.

Lakini kwa nywele saba, nikamwambia, hata leza ya nini. Kuna elektrolisisi. Sindano nyembamba kuliko hizi zangu inaingizwa kwenye tundu la unywele mmoja, umeme kidogo, shina linakufa, haijali rangi ya ngozi wala ya unywele. Ni ya zamani, daktari mmoja wa macho wa St. Louis, Marekani, Charles Michel, aliieleza mwaka 1875, alikuwa akiondoa kope zinazoota kwa ndani na kukwaruza jicho. Kwa uso mzima kama wangu ni saa mia na zaidi, unywele baada ya unywele. Kwa kidevu chake ni vikao vichache, mradi ampate mtu mwenye mkono mzuri, na yeye mwenyewe asiwe na ngozi ya kufanya makovu ya kuvimba.

“Umeme?” akasema. “Lubumbashi hii?”

Tulicheka mpaka nikashika mashine nisianguke. Pasi yangu ya makala ilikuwa palepale mezani, ikitoa moshi.

Akauliza kuhusu uzi. Uzi ninao wa kila rangi, nikamwambia, na kuusokota naweza, ila nao unang'oa, kwa hiyo tumerudi kwenye vijipu. Nta ya sukari na ndimu ninaipika mwenyewe kwa ajili ya miguu, usoni siipeleki. Mwishowe nikampa wembe mmoja mpya ndani ya karatasi yake na kumwonyesha unywele wake unakolala. Kidole changu kwenye kidevu cha mwanamke mwingine. Sikuwahi.

Akalipa yote, akasema, “Asante, yaya,” akatoka juani.

Na sasa ndiyo naanza upya, mnaona. Aliniuliza “wewe unafanyaje”, hakuuliza “unajua nini”. Kwa hiyo aliniona. Lakini aliona nini? Huenda alimwona mwanamke mwenye ndevu kama zake akasema nimempata mwenzangu. Huenda alijua kila kitu tangu siku ya kwanza akaona mimi ndiye fundi wa jambo hilo pia, kama unavyomwendea mganga. Shabu ilikuwa yake, sawa, lakini Jumanne, akiniangalia kutoka juu, kwa nini alimtaja mume? Labda alikuwa akijificha. Labda alikuwa akinificha. Ningeweza kumuuliza pale nyuma ya pazia, nisingepata nafasi bora zaidi. Sikuuliza.

Mdogo wangu tangu ajue kusema ananiita yaya. Nilipoanza kuvaa ninavyovaa, mama alihangaika na kila neno, mpaka leo kwenye simu nyuma ya mdogo wangu namsikia akiwaambia wale mapacha, “Mjomba wenu atakuja.” Mdogo wangu hakubadilisha kitu. Hakukuwa na cha kubadilisha. “Yaya, uje Jumapili,” akasema, “wana vidole kama vya kwako.”

Ningependa kuandika zaidi kuhusu hivyo vidole, lakini mvua imeanza tena na nasikia tone. Mwenye nyumba alipopandisha kodi aliahidi bati jipya. Hapa chumbani si kitu, karai lipo. Ninachowaza ni kule Kamalondo, tundu liko juu kabisa ya mashine ya pili, na sikumbuki kama niliifunika.