Nilivyomtapeli mwanangu, baba yake naye akaingia

Kila ukiuliza mtoto na simu ufanyeje, jibu ni moja tu, mnyang'anye. Mama mmoja kwenye kikao cha wazazi akanambia kabisa, mi simu naifungia kabatini na ufunguo natembea nao. Haya, mtoto wake anachezea wapi? Kwangu! Anakaa na kijana wangu wa darasa la sita kwenye kochi na simu yangu, wanacheza gemu la Free Fire mpaka chaji inakata. Kwahiyo habari za kabati msiniletee.

Kubana nako nilibana. Nikaweka patan (ule mchoro wa kufungulia simu), akaisoma kwenye alama za mafuta ya maandazi kwenye kioo, yani anailaza simu kwenye mwanga anafuatisha mstari. Nikaweka Family Link, ile app ya Google ya wazazi kusimamia simu za watoto, kwenye tableti yao, hiyo naisifia, muda ukiisha inajifunga na hapakui kitu mpaka nikubali, ila akifika kwa bibi yake ndo basi tena, bibi anatoa simu hata haulizi. Nikajisemea huyu dawa yake atapeliwe, na atapeliwe na mimi.

Shemeji yangu anakaa nyumba ya tatu, ana simu ya akiba na laini ambayo kwetu hakuna aliyeisevu. Kwanza nikaizima PIN ya WhatsApp yangu (mi ninayo, zile namba 6 unazojiwekea mwenyewe), simu nikamwachia kijana, nikaaga naenda sokoni. Sokoni wapi, nipo kwa shemeji nakula chipsi zake. Tukatuma meseji: "HONGERA! Umeshinda daimondi 520 za Free Fire. Utapokea namba 6 sasa hivi, zitume hapa upate zawadi yako." (Daimondi ndo hela za ndani ya gemu.) Huku shemeji anaingiza namba yangu kwenye WhatsApp ya simu yake. Zile namba 6 za kuthibitisha zikaenda kwenye simu yangu, na meseji yenyewe inasema kabisa usimpe mtu yeyote. Sijui kama chipsi tatu zilishapita, namba zikaingia! Na chini kaandika "nitumie haraka mama anarudi".

WhatsApp yangu ikahamia kwa shemeji. Hapo ningeishia, ila nikapata wazimu, nikamwandikia mume wangu kazini: baba nanii, nina dharura niazime elfu hamsini, tuma kwenye namba hii, yangu inasumbua. Mume wangu ni mhasibu jamani, mtu wa mahesabu! Hakupiga hata simu, akajibu "sawa, jina linakuja nani?" Shemeji akadondoka chini kwa kucheka. Ikabidi nimpigie mbio kabla hajabonyeza, akaninunia mpaka usiku.

Kijana nilimkuta kajifungia chumbani, keshaona WhatsApp imetoka. Sikumchapa. Nikamwonesha meseji aliyotumiwa baba yake, machozi yakamtoka mwenyewe. Kuirudisha ni kuingia upya kwa namba yako, ila tapeli wa kweli angeweka PIN yake ningekaa siku 7 nasubiri. Siku hizi meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" anazifowadi mwenyewe 15040, namba ya TCRA ya kuripoti matapeli, wakimuuliza namba ya tapeli anawapa, na anajisikia polisi kabisa.

Dada yake yupo kidato cha pili, huyo daimondi hazimtishi, ugonjwa wake magrupu. Nenda kwenye setingi za faragha, weka wanaokuingiza kwenye grupu wawe wale uliowasevu tu, maana alishajikuta kwenye grupu la watu wazima asiowajua hata mmoja. Halafu ikaletwa video ya mwenzao wanamcheka alivyoanguka paredi, nikamkuta kidole kipo kwenye kufowadi. Nikamfungulia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, unyanyasaji wa mtandaoni umo mle kama kosa, akasoma mwenyewe kwa sauti. Picha ya profaili yenye sare na nembo ya shule tukaitoa, mtu asiyemjua anajulia wapi anasoma wapi? Na 116 ameisevu, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure, kama kuna jambo anaona aibu kunambia mimi.

Gharama yote vocha kidogo na chipsi, tena sikulipia mimi. Aliyebaki ni baba yao, kila siku nitaweka PIN nitaweka PIN. Likizo ikifika tunamtega tena, na safari hii kijana ndo ataandika meseji.