Bei ya lile gari la Capri Point

Mtoto wa dada yangu amenitumia picha juzi usiku, saa ambayo watu wenye akili wamelala. Gari jekundu, paa limekunjwa, limeegeshwa kwenye majani huko Dodoma anakofanya kazi siku hizi. Chini yake ameandika: "Mamdogo, huyu nimpe ngapi?" Shikamoo hakuna, habari za nyumbani hakuna. Kwenye ukoo wetu swali la gari lisilo na paa linaletwa kwangu moja kwa moja, kama vile mimi ndiye ofisi yake.

Nikaanza kumjibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwishowe nikamwandikia kwanza amuulize mwenye gari linalala wapi mvua ikinyesha, halafu nikakaa macho mpaka karibu na adhana.

Lile langu nililikuta Capri Point, hapa Mwanza, mwaka 2015, masika yanaishia. Baba watoto alikuwa Bukoba kikazi, nami nilikuwa na pesa ya giza zima mkononi. Sisi wa Mwaloni, soko la dagaa, pesa tunaihesabu hivyo. Boti za dagaa huingia ziwani usiku usio na mwezi, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, na wavuvi wanakaa ufukweni kushona nyavu. Giza likiwa zuri na jua la kuanikia likapatikana, mtu anaweza kufanya jambo. Wenzangu walikuwa wananunua viwanja Buswelu. Nasema tu, msinianze.

Mwenye gari alikuwa mume wa mteja wangu wa siku nyingi, mzee aliyestaafu kwenye chumba cha injini cha meli. Alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akaliendesha miaka michache, macho yakaanza kumsumbua, akaliweka chini ya mwembe. Eunos Roadster ya 1992. Nje ya Japani watu wanalijua kama Mazda MX-5, lile la viti viwili lenye taa zinazochomoza kutoka kwenye boneti. Tulipojaribu kuwasha taa, ya kushoto ilipanda, ya kulia ikagoma, na mjukuu wa mzee akacheka mpaka akafukuzwa.

Mzee alitaka milioni tisa.

Sasa, bei ya Vitz au IST haina elimu. Unauliza madalali watatu, unamtupa mwenye bei ya juu na mwenye bei ya chini, unabaki na jibu. Hili la kwangu ningelinganisha na lipi? Mwanza nzima sikuwa nimeona jingine. Usiku nilikuwa nasoma kwenye simu mpaka bando linakata. Nikapiga hesabu ya kuagiza: bei ya Japani, meli mpaka Dar es Salaam, ushuru, na ile nyongeza ya uchakavu wanayotozwa wenye magari yaliyopita umri. Ikafika milioni kumi na nne na kitu, na hapo bado halijapanda barabara kuja huku. Hiyo ilikuwa dari. Sakafu ilikuwa bei ya chuma chakavu kwa kilo, na gari lenyewe halifiki hata tani moja. Kati ya sakafu na dari kulikuwa na pesa ya kujengea nyumba ndogo, na mimi sikujua nisimame wapi.

Nikamchukua fundi wangu wa Mabatini, tukaenda Jumapili baada ya ibada.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibuni. Huyu ndiye daktari?"

Fundi hakugusa injini. Hakupiga tairi teke, hakuuliza kadi ya gari. Alisimama nyuma ya mlango wa dereva, akalitazama turubai pale linapokutana na bodi, akaomba maji.

"Ya kunywa?" mzee akauliza.

"Ya gari, mzee wangu."

Mjukuu akaleta jagi la bluu, lile la kunawisha wageni mikono. Fundi akasogeza siti mbele, akainua pindo la turubai, akatuonyesha. Nyuma ya kila siti, ndani kabisa pembeni, kuna kitundu. Mvua ikinyesha, maji yanayoteleza juu ya paa hukusanyika kwenye mfereji unaozunguka nyuma, huingia kwenye kile kitundu, hupita bomba lililofichwa ndani ya bodi na kutokea chini, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Gari la paa la bati halina habari hizo. La turubai, uhai wake wote uko kwenye vitundu viwili vyenye upana wa kidole.

Akamimina upande wa kushoto. Tukainama wote: mimi nimeshika kitenge, mzee kwa fimbo yake, mjukuu kwa tumbo, na yule kijana wa bodaboda aliyenileta, ambaye nilishamlipa lakini alikuwa amekataa kuondoka. Maji yakatoka palepale, yakachimba kishimo kwenye vumbi. Mzee akanyanyuka kwa furaha. "Si unaona? Mjapani huyo!"

Jagi likajazwa tena. Kulia.

Fundi akamimina nusu. Tukainama. Chini kulikuwa na majani makavu ya mwembe na siafu mmoja anayekwenda zake. Tukasubiri. Akamimina iliyobaki. Nikasikia maji yanaguguma mahali fulani ndani ya bodi, karibu na magoti yangu, yakitafuta njia. Hapakutoka hata tone. Mzee akasema, taratibu, kwamba upande huo nao zamani ulikuwa unatoa vizuri. Hakuna aliyemjibu. Kijana wa bodaboda akajilaza kabisa chini na shati lake la Jumapili, akawa anatutangazia: "Bado... bado... bado, mama."

Kisha mjukuu, ambaye alikuwa ameshachoka kutazama chini, akasema, "Babu, mbona ndani kunalowa?"

Maji yalikuwa yanatoka chini ya zulia la gari, ya kahawia, yakizunguka mguu wa siti.

Fundi akaomba waya. Bodaboda akatoa kipande cha waya wa klachi kwenye droo yake, fundi akakiingiza kwenye kitundu, akazungusha, akavuta, akazungusha. Kikatoka kitu cheusi, laini, kirefu kama dole gumba. Akakiweka kiganjani, akampelekea mzee, si mimi. Mzee akavaa miwani, akakifumua kwa ukucha. Majani ya mwembe yaliyooza, na vile vidudu vya ziwani vinavyoinuka juu ya maji wingu zima na kuja kufia kwenye taa za watu, maelfu yao, vimeshikana kama ugali. Akanusa. "Hii ni samadi," akasema, na sura yake nikashindwa kuitazama. Mtu aliyekula ujana wake chini ya meli, kazi yake maji ya ziwa yasiingie ndani.

Fundi akageuza bisibisi, akagonga kwa mpini bodi ya chini ya mlango wa kushoto. Ko, ko, ko. Akaja kulia, mwisho wa mlango, karibu na tairi. Pu. Akageuza ncha, akasukuma kidogo tu, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini.

Mimi ni mtu wa dagaa. Gunia la dagaa hulinunui kwa kuangalia juu, juu wote ni wakavu. Unapeleka mkono hadi katikati, unafinya, unasikiliza. Wakilia, lipa. Wakinyamaza, muuzaji anakuuzia maji kwa bei ya samaki, na kesho kutwa mzigo umevunda. Nilipoiona ile bisibisi, kwa mara ya kwanza tangu nianze kulifikiria lile gari nikajisikia niko kazini kwangu.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Betri ya gari hilo iko kwenye buti, na mtu alikuwa ameweka ya kawaida bila kile kibomba cha kutolea hewa nje, basi tindikali ilikuwa imekula bati chini yake. Kioo cha nyuma, ambacho ni plastiki na kina zipu, kilikuwa cha njano na kimepasuka. Inaelekea mtu alizoea kukunja paa bila kufungua zipu kwanza. Silinda ndogo ya klachi inavuja. Rejeta imechoka. Tairi zote nne zina nyufa. Injini yenyewe, baada ya kuazima betri ya jirani, iliwaka na kutulia, na fundi akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyetarajia mabaya.

Tukakaa pembeni, juu ya jiwe moja kati ya yale mawe yetu. Fundi akaandika nyuma ya risiti. Kukata na kuchomelea ubavu wa kulia, laki saba. Rangi, laki tisa. Turubai, laki sita akilishona yule jamaa anayeshona mahema ya boti. Akashuka hivyo hadi mwisho: milioni tatu na laki tatu na nusu. Halafu akaongeza nusu ya hiyo juu yake.

"Hii nusu ni ya nini?"

"Ya nisichokiona, mama."

Milioni tano, basi. Nikasema gari likiwa zima kabisa tulihesabie ile tisa ya mzee, tumpe heshima yake. Tisa toa tano. Nne. Nikarudi nikamwambia mzee milioni tatu, kwa sababu nne haisemwi ya kwanza.

Mzee akauliza tumeipataje. Nikampa risiti. Akaisoma yote, mstari kwa mstari, akaomba kalamu, akasahihisha bei ya rejeta. Fundi alikuwa ameandika pungufu.

"Gari ni nne," akasema. "Hata mimi najua ni nne."

"Sasa tisa, baba?"

"Tano ni ya kuamka asubuhi nisilione."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mkewe akatoka na chai na viazi, akatazama uso wa mumewe, akarudi ndani bila kumimina.

Tulivutana mpaka jua likakaribia maji. Ningeweza kusimama kwenye nne. Kila nikitaka kuondoka, fundi alikuwa ananivuta pembeni na kuniambia mzee atashuka, macho yake yanaonyesha. Na kweli angeshuka, mimi huwa najua mtu anapokaribia kushuka, ndiyo kazi inayonilisha. Tukamalizana kwenye milioni nne na laki sita, tukaandikishana kwa mwanasheria Jumatatu. Fundi alininunia njia nzima. Laki sita, alisema, ni turubai zima umelitupa ziwani.

Sijawahi kumpa jibu la kumridhisha. Nne nilizilipia gari, hizo ninaweza kuzitetea mbele ya yeyote, risiti ninayo. Laki sita zile nilizilipia kitu cha mtu mwingine, ambacho hata hakuweza kunikabidhi. Baba watoto aliporudi aliuliza swali hilohilo kwa maneno makali zaidi.

Matengenezo yalichukua muda mrefu kuliko tulivyosema, na ile nusu ya nisichokiona iliisha mapema. Siku ya kwanza nimelitoa, paa chini, nimefunga kilemba, nikapita barabara ya ziwani kuelekea Kirumba saa moja kasoro jioni, saa ambayo vidudu vimeinuka. Nilifika Mwaloni nimefumba mdomo na jicho moja. Wenzangu wenye viwanja walinipokea kwa vigelegele vya dhihaka, ambavyo nadhani nilistahili kuvipata, maana viwanja vile leo hatuvigusi.

Mwezi uliopita kijana mmoja alinikuta naliosha Nyegezi, akaniuliza kama nauza. Sikuwa nimewaza kuuza. Mdomo ukasema tisa. Akaja Jumamosi na fundi wake, kijana mwenzie, mwenye kifaa cha kuchomeka kwenye kompyuta ya gari. Alitafuta pa kukichomeka muda mrefu. Akapiga tairi teke, akasikiliza injini, akamnong'oneza bosi wake. Maji hakuomba. Vitundu vyangu viko safi, nazibua kila mwisho wa mwezi kwa waya uleule, lakini nilikuwa nimeshaweka ndoo tayari kivulini na hakuna aliyeiangalia.

"Mama, nina nne na nusu," kijana akasema.

Nikapandisha. Nikamtajia turubai, nikamtajia ubavu, nikamtajia rangi, tairi, taa ya kulia iliyonila wiki nzima.

Akanisikiliza kwa adabu. "Nakuelewa, mama yangu. Lakini hayo uliyafanya wewe. Mimi nanunua gari."

Nilimwambia aende akatafute gari. Akaenda. Namba yake ninayo.