Kompresa ya Pijo ya mjomba: ilivyonasa na nilivyoinasua

Jamani AC ya Pijo inapuliza! Leo siku ya tisa naiwasha kila nikitoka kazini na bado ile klachi ikilia "tap" moyo unaruka, kwa hiyo nimeona niandike yote niliyopitia maana najua huku kusini kuna watu wana magari ya zamani yamelala uani na wameshaambiwa kompresa (ile pampu inayosukuma gesi ya AC) imekufa, tafuta nyingine.

Gari ni Peugeot 504 ya 1979, saluni, ya mjomba wangu wa Mikindani. Sisi Wamakonde mjomba akikwambia chukua hili gari ulilee, unalichukua unalilea, hakuna mjadala. Lilikaa chini ya mwembe miaka 6. Injini haikunisumbua sana, ile ya cc 1971 ukiipa mafuta safi na pointi zikakaa sawa inaamka. Kazi ilikuwa AC. Na mimi AC naitaka kweli, mama anapanda Newala kila mwezi kwa mdogo wake na mwezi wa kwanza mnajua Mtwara ilivyo, jua la kaskazi na unyevu wa bahari, akifika miguu imevimba viatu havivuliki.

Siku nilipoijaribu mara ya kwanza, klachi ilishika, mkanda ukapiga ukelele, moshi, harufu ya mpira unaoungua. Nikazima hapo hapo. Fundi wa kwanza alichungulia tu akasema imejam, tupa. Wa pili akasema anaweza kuikata mkanda nisahau AC. Nikarudi nyumbani nimenuna kweli.

Lakini hebu sikilizeni, kabla hujakubali kutupa kitu hakikisha kwanza kilichonasa ni nini, maana pale mbele kuna vitu viwili na watu wanavichanganya. Kuna puli, inakaa kwenye beringi yake na inazunguka na mkanda muda wote hata AC ikiwa imezimwa. Na kuna kile kisahani cha klachi kwa mbele, hicho kimeshikana na shafti ya kompresa yenyewe, hakizunguki mpaka sumaku ikivute kwenye puli. Kwa hiyo zima gari, legeza mkanda, zungusha puli kwa mkono. Ikigoma au ikikwaruza, tatizo ni beringi, na beringi ni spea ya kawaida tu. Puli ikiwa laini basi shika kisahani ukizungushe, kikigoma kabisa ndio kompresa imenasa ndani. Yangu puli ilikuwa laini kama siagi, kisahani ndio hakikusogea hata nywele.

Nikaitoa nikampelekea mzee mmoja fundi friji pale Chikongola. Kwanza akafuta kibati akasoma, Sankyo SD508. Akaniambia hawa ndio Sanden wa leo, kampuni ilibadili jina 1982, na kwamba nimebahatika maana hii ina pistoni tano na inafunguka kwa funguo za kawaida, tena ina bolti ya oili pembeni. Tukaifunga kwenye jiriwa, tukafungua ile bolti, tukaiinamisha juu ya sahani nyeupe. Oili ikatoka nzito, rangi ya chai ya rangi. Mzee akapitisha sumaku, akachovya kidole, akasugua kwenye mwanga. Hakuna unga unaong'aa. Akasema, "Mwanangu, hii haijajila, imelala tu." Ungekuwepo ule unga wa fedha tungeishia pale, kwa sababu hapo chuma kimeshakula chuma na uchafu wake umeshasambaa mpaka kwenye kondensa, ile ya mbele inayotoa joto la gesi.

Kuhusu kulala, alinieleza hivi. Oili ya kompresa inasafiri na gesi, inazunguka nayo mfumo mzima na kurudi. Gesi ikivuja yote oili inabaki ilipo, chini, kule juu kunakuwa kukavu. Halafu pale gesi ilipotokea ndipo hewa inapoingilia, na hewa yetu sisi hapa ni ya chumvi na maji. Miaka 6! Kutu inajijenga taratibu kati ya ringi na ukuta wa silinda mpaka vinashikana.

Tukamimina oili mpya kwenye matundu mawili ya hosi, tukaiacha imesimama usiku kucha. Asubuhi mimi nikataka kupiga spana kwenye nati ya mbele. Mzee akanishika mkono, "Usiilazimishe mwanangu, nati utaikata au utaifungua tu, shafti haitajua lolote." Akachukua kipande cha bapa chenye matundu mawili, akakifunga kwa bolti kwenye yale matundu ya kisahani, ikawa kama mpini. Mbele kidogo, nyuma kidogo, ongeza oili, kalale. Siku ya pili hamna kitu. Siku ya tatu saa nne asubuhi ikasogea upana wa ukucha na mimi nikapiga kelele mpaka wauza samaki wakageuka. Mchana wake ikazunguka duara nzima, nzito, inakwaruza sehemu moja.

Hapo ndipo wengi wanairudisha kwenye gari. Msifanye hivyo. Tulifungua kichwa, bolti tano, na silinda moja ilikuwa na pete ya kutu pale pistoni iliposimama miaka yote. Msasa namba 1500 na oili, taratibu kwa kidole, halafu kufuta na kufuta tena. Gasketi, oringi na sili ya shafti niliagiza Dar, vikaja na basi.

Sasa gesi. Gari la 1979 lilizaliwa na R12, gesi ya kupoza ya zamani, na hiyo kwa nchi zetu ilikuwa mwisho kuingizwa 2010 kwa sababu ya tabaka la ozoni, kwa hiyo unahamia gesi ya 134a. Kuhamia sio kubadilisha mtungi tu. Oili ya zamani ya R12 haichanganyiki na 134a, haisafiri nayo, kompresa inakauka tena na safari hii inakufa kweli. Kwa hiyo tulisafisha mabomba na kondensa na evapoleta (ile ya ndani inayopoza hewa), tukaweka filta draya mpya, ile inayonyonya unyevu, na oili ya esta, tukapima kwa kijiti. Kuna fundi mwingine alikuja kunishawishi aniwekee R22 ya AC za nyumba, eti inapoza zaidi. Presha yake iko juu mno kwa kompresa na hosi hizi, nikamwambia hapana, ahsante kaka.

Na vakyumu, yaani kunyonya hewa yote itoke kwenye mfumo. Hapa naomba mnisikilize sana maana ndipo makompresa mengi yanapouawa, mtu anajaza gesi juu ya hewa na maji yaliyomo. Tulivuta mpaka geji ikakaa inchi 29 za zebaki, na huku sisi tuko usawa wa bahari inafika vizuri. Kwenye vakyumu hiyo maji yanachemka kwenye joto la nyuzi 25 hivi, kwa hiyo joto letu la Mtwara linafanya kazi bure, unyevu wote unageuka mvuke unatoka. Saa nzima pampu inanguruma, kisha tukafunga koki tukanywa chai nusu saa, sindano haikurudi. Gesi tukaweka kwa mizani, kama asilimia 80 hadi 85 ya uzito wa R12 iliyokuwa inaingia zamani. Mchana wa jua kali upande wa presha ya chini ulisoma kama psi 35, wa juu 230. Mwanya wa klachi tulipima kwa fila geji, nusu milimita.

Newala tumeshaenda. Kwenye kupanda niliizima maana mshale wa joto la injini ulianza kunyanyuka, na juu uwandani kwenyewe upepo unatosha, tukafungua vioo. Mama alishuka amevaa viatu vyake.

Jana jioni nikampitishia mjomba Mikindani. Hakuingia ndani ya gari. Aliniambia iache iungurume, akazunguka, akainama taratibu na fimbo yake akaangalia chini ya upande wa abiria, pale bomba la evapoleta linapotolea. Maji yalikuwa yanadondoka, yameshafanya kidimbwi kwenye mchanga. Akachovya kidole, akanusa, akaangalia rangi.

"Sio ya rejeta," akasema. "Ndio yenyewe. Zamani hapa kuku walikuwa wanakuja kunywa."