Kwa basi hadi daraja la Ivo Andrić

Basi la Višegrad, mji wa mashariki mwa Bosnia wenye daraja ambalo mwandishi Ivo Andrić aliliandikia riwaya, usilitafute kituo kikuu cha Sarajevo. Mabasi mengi ya upande wa Republika Srpska, sehemu ya Waserbia ya nchi hii, huondokea Istočno Sarajevo (Sarajevo Mashariki), kwa hiyo nilipanda basi la umeme nambari 103 hadi mwisho wa njia, Dobrinja, nikamalizia kwa miguu. Anayeanzia kituo kikuu huvuka mji mzima na kukuta basi limeshaondoka.

Beba pesa taslimu, yaani marka za Bosnia. Noti nazo zina siasa zake: ya marka 10 ina mshairi Mak Dizdar au Aleksa Šantić, kutegemea ilitolewa kwa upande upi wa nchi, ingawa zote hupokelewa kote. Andrić yuko peke yake kwenye ya marka 200. Hiyo usimpe kondakta, chenji atapata wapi?

Huyu Andrić, mzaliwa wa Dolac karibu na Travnik (1892), alilelewa Višegrad na shangazi yake. Mwaka 1914, Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria-Hungaria, alipouawa Sarajevo, Waaustria walimfunga kwa kuwa alishirikiana na vijana wa Mlada Bosna, kundi lililopinga utawala wa Austria. Kufikia 1939 alikuwa balozi wa Yugoslavia mjini Berlin, na Machi 1941 alikuwepo Vienna serikali yake ilipotia saini mkataba na Hitler. Wajerumani walipoishika Belgrade alijifungia Mtaa wa Prizrenska, akaandika bila kuchapisha. Riwaya yake ya daraja hili, Na Drini ćuprija (Daraja juu ya Mto Drina), ikatoka 1945, Nobel ikafuata 1961. Riwaya hiyo inaishia 1914, mwaka uleule aliofungwa, na sidhani ni sadfa.

Daraja lenyewe, kazi ya Mimar Sinan, msanifu majengo wa Dola ya Osmani, lilijengwa 1571 hadi 1577: matao 11, karibu mita 180. Katikati njia hupanuka, ndiyo kapija: upande mmoja benchi la mawe, mkabala wake ukuta wenye shairi la Kituruki kwa herufi za Kiarabu. Keti hapo asubuhi, kabla makundi ya watalii hayajafika. Ila ujue pia kwamba 1992 Waislamu wa mji huu waliuawa juu ya mawe hayohayo na kutupwa Drina.

Hatua chache kutoka hapo ni Andrićgrad, mji mdogo wa kumuenzi Andrić, uliojengwa na mwongozaji filamu Emir Kusturica na kufunguliwa 28 Juni 2014. Unaonekana wa kale, lakini mawe yake ni ya juzi tu. Nusu saa inautosha. Saa ya basi la kurudi iulize mara tu unaposhuka, maana la jioni likikupita utalala Višegrad.