Mapacha wa chumba cha seva

Jumapili, saa nne usiku

Jana asubuhi nilizima seva moja kati ya mbili zinazobeba hesabu za wanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo. Nilikusudia kuizima. Pawa saplai yake ilikuwa inalia tangu Jumatano, na nilitaka kuibadilisha kabla haijafa yenyewe katikati ya siku ya mishahara. Saa kumi na mbili nilikuwa nimeshafika, nikahamishia kazi zote kwa pacha wake, na haikupita dakika moja hifadhidata ilikuwa imeamka upande wa pili. Saa tatu matawi yakafunguliwa, walimu wakaanza kuchukua fedha zao, na hakuna aliyejua kwamba nusu ya mtambo ilikuwa mezani kwangu imefunguliwa kifuniko.

Nilimpigia meneja kumpa taarifa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, vipi huko?"

Nikamweleza. Alifurahi sana, akanishukuru kwa kuja mapema. Kisha nikagusia tena maombi yangu ya kuhama kutoka Windows Server 2012 R2, mfumo wa zamani unaoendesha seva hizo, akanyamaza kidogo, akasema: "Lakini mwanangu, si umeniambia sasa hivi kwamba imefanya kazi vizuri? Mamilioni yote hayo ya nini?"

Nimekaa na swali hilo tangu jana. Linaniuma kwa sababu jibu lake nililipanda mwenyewe. Tulipoziunganisha seva hizi kuwa klasta, yaani kundi ambalo mmoja akianguka mwenzake anashika kazi, mwaka 2014, mimi ndiye niliyesimama mbele ya bodi nikasema kwamba sasa hata seva moja ikifa, kazi haitasimama. Maneno yale yalikuwa ya kweli, na bado ni ya kweli. Ila bodi ilisikia kwamba tumepona kila kitu, na sikurudi kusahihisha.

Klasta inalinda dhidi ya kifo cha mashine. Seva hizi mbili hutumiana mapigo ya moyo kila sekunde. Mapigo matano yakikosekana mfululizo, aliyebaki anahesabu kwamba mwenzake hayupo. Hapo ndipo akidi inapoingia, na kwetu dhana hiyo haina ugeni, maana ni ileile ya mkutano mkuu. Kura ziko tatu: seva mbili, na diski ndogo ya shahidi. Mwenye kura mbili ndiye anayeendelea kuhudumia. Bila shahidi, waya wa mtandao ukikatika kati yao, kila mmoja angeweza kudhani amebaki peke yake, wakaandika wote wawili kwenye diski zilezile na kuharibu hesabu za watu. Ni kazi nzuri iliyofikiriwa vizuri. Naipenda.

Lakini hawa ni mapacha wa kufanana. Mfumo uleule, toleo lilelile, tundu lilelile la usalama. Anayeweza kuingia kwa mmoja ameshaingia kwa wote wawili. Baya zaidi ni kwamba data yenyewe haiko mara mbili. Iko kwenye diski moja ya pamoja ambayo wanapokezana. Kirusi cha kudai fidia kikizifunga faili zile kwa mchana mmoja, klasta itatimiza wajibu wake kwa uaminifu: itazibeba faili zilizofungwa na kumkabidhi pacha wa pili.

Mei 12, 2017, WannaCry, kirusi cha aina hiyo, ilipoanza kuenea, ilipita kwenye tundu la huduma ya kushirikiana faili ya Windows. Kiraka cha tundu hilo, yaani sasisho la kuliziba, kilikuwa kimetolewa Machi 14, miezi miwili kabla. Huko England, taasisi zisizopungua 81 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma ziliathirika, wagonjwa wakaahirishiwa miadi. Microsoft ikalazimika kutoa viraka hata kwa Windows XP na Server 2003, mifumo iliyokuwa imeshaachwa. Wenye mifumo ya kale walisaidiwa siku ile kwa dharura. Siwezi kuweka akiba za walimu juu ya tumaini kwamba dharura kama ile itarudiwa kwa ajili yetu.

Viraka vya bure vya 2012 R2 vilikoma Oktoba 10, 2023. Kuna viraka vya kulipia kwa muda wa ziada, mwisho Oktoba 13, 2026, sisi hatukuvinunua. Na hapa ndipo ninaposikitika zaidi. Faida kubwa kuliko zote ya kuwa na seva mbili ni kwamba unaweza kuweka viraka bila kufunga huduma: unahamisha kazi, unamtibu mmoja, unarudisha, unamtibu wa pili. Tuna kitanda cha mgonjwa na daktari yupo, dawa ndiyo hatuna.

Kuhama kwenyewe kuna kazi. Klasta hupandishwa toleo moja moja, 2012 R2 kwenda 2016, kisha 2019, na ukishathibitisha daraja jipya la klasta huwezi tena kurudi nyuma. Kuishia 2016 hakufai, maana nayo inafikia kikomo Januari 2027. Halafu kuna programu ya mikopo, ambayo aliyetuandikia hapokei tena simu. Hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi kuliko seva zenyewe. Nafikiri ni afadhali kujenga klasta mpya pembeni, tuijaribu programu humo kwa nakala ya data, na ikikataa tujue mapema.

Kesho saa tatu nina kikao na mama. Jioni hii nimeingia kwenye seva zote mbili nikafungua orodha ya viraka, nikapiga picha mstari wa juu kabisa wa kila moja. Tarehe ni ileile, Oktoba 2023. Nitaziweka mezani pamoja, moja kando ya nyingine, kabla sijasema lolote kuhusu fedha.