Nilivyolipata tangazo la duka la babu katika gazeti la Uhuru

Sijui ni nani aliyewaaminisha watu kwamba kila kilichopata kuchapishwa kimo kwenye intaneti. Binamu yangu aliniapia hivyo. Jirani akanituma kwenye ofisi moja, ambako nilikalishwa kwenye benchi hadi adhuhuri, kisha nikaambiwa nirudi na tarehe ya gazeti, na tarehe ndiyo hasa niliyokuwa nikiitafuta.

Nilichokuwa nacho ni kauli ya wazee tu, kwamba babu, fundi cherehani wa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, aliwahi kutangaza duka lake katika Uhuru. Niliiamini, kwa sababu gazeti hilo lilikuwa la TANU, chama kilichoasisiwa tarehe 7 Julai 1954 palepale New Street, mtaa ambao sasa ni Lumumba. Watu wa Kariakoo walilihesabu kuwa lao, tena lilikuwa kwa Kiswahili, ilhali The Standard lilikuwa la Kiingereza na la upande wa pili wa Mnazi Mmoja.

Hapo ndipo nilipotumia akili ambayo, bila kujisifu sana, hakuna aliyenishauri. Niliacha kumuuliza shangazi mwaka, nikamuuliza siku hizo barazani watu walizungumza nini.

"Tulikuwa tumefunga, mwanangu," akasema, "na kanzu za Idi zimejaa hadi kitandani. Azimio la Arusha bado."

Azimio ni la Februari 1967, na Ramadhani iliyolitangulia ilianza katikati ya Desemba 1966, wakati Benjamin Mkapa akiwa mhariri wa gazeti hilo. Na kwa kuwa fundi mwenye akili hatangazi kanzu Idi ikiwa kesho, nilipofika maktaba nilianza na kumi la kwanza. Msiruke kurasa za michezo: nilikawia kwenye habari za Sunderland, ambayo leo ni Simba, na matangazo madogo yalikuwa pembeni yake.

Lilikuwamo, dogo kama kiberiti, likiwa na jina la babu na mtaa wake. Nauli na vivuli havikufika elfu ishirini, ukiondoa chai. Binamu sasa anataka nakala. Nimemwambia aitafute kwenye intaneti.