Wageni Waliojificha Ndani ya Mawe Hai: Nani Aondoke na Nani Abaki

Mawe hai yanayouzwa hapa Florida kwa ajili ya matangi ya matumbawe hayavunwi tena kutoka kwenye miamba ya asili. Uvunaji huo ulipigwa marufuku katika miaka ya 1990, na tangu wakati huo wafugaji hukodi sehemu ya sakafu ya bahari, hutumbukiza humo mawe ya chokaa yaliyotoka kwenye machimbo ya nchi kavu, kisha huyaacha kwa miaka kadhaa hadi sponji, mwani mwekundu na viumbe wadogo wasiohesabika wayageuze kuwa makazi. Jiwe la aina hiyo likisafirishwa likiwa ndani ya maji huingia nyumbani na wakazi wake wote, wazuri kwa wabaya. Ninaishi upande wa Ghuba ya Mexico, na bado nayapenda mawe hayo kuliko yale makavu yasiyo na uhai, ingawa najua vizuri kwamba anayeyanunua hununua pia kazi ya kuchambua.

Ndugu na marafiki wanaoanza ufugaji huu huniuliza dawa gani itaua kila kitu kisichotakiwa. Mimi hujibu kwamba dawa hiyo, hata kama ingekuwepo, nisingeitumia, kwa sababu ingeua pia kile kinacholifanya jiwe liwe na thamani. Ninachokifanya ni kuyaweka mawe mapya katika pipa la plastiki lenye maji ya chumvi ya gramu 35 kwa lita, pampu, na hita inayoshikilia joto la nyuzi 25 hivi, bila samaki na bila tumbawe lolote. Humo hukaa wiki kadhaa, nami huyakagua usiku kwa tochi iliyofunikwa nailoni nyekundu, kwa kuwa wengi wa viumbe hao hutoka gizani na hawasumbuliwi sana na mwanga mwekundu. Kila ninachokiona nakipiga picha kabla ya kukigusa. Kumtoa kiumbe kwenye pipa lenye mawe matano ni kazi ya jioni moja, ilhali kumtoa kiumbe yule yule kwenye tangi lililokwisha kupangwa na kugandishwa matumbawe kunaweza kukulazimu kulibomoa lote.

Anayechukiwa bila haki kuliko wote ni mnyoo wa miiba. Mtu humwona akipita chini ya jiwe usiku, mwekundu, mrefu kama kidole, akaanza kutafuta mitego. Wengi wa minyoo hao hula mabaki ya chakula na samaki waliokufa, nao hufika mahali ambapo hakuna mfugaji awezaye kupafikia; wakizidi sana, sababu huwa ni chakula kingi kinachomwagwa tangini, na kukipunguza huwapunguza wao. Washikwe kwa koleo tu, kwani miiba yao midogo huingia kwenye ngozi na kuwasha, ingawa seloteipu ikibandikwa na kubanduliwa huitoa mingi. Wawili ndio wa kuondolewa. Mmoja ni Hermodice carunculata, mnyoo wa moto wa Atlantiki na Karibi, mnene, mwenye mafungu ya miiba meupe pembeni na matamvua mekundu kando yake, ambaye hula matumbawe hasa. Mwingine ni jamaa ya Eunice, wenye vipapasio vitano kichwani na mwili unaometameta rangi nyingi. Mwaka 2009 wafanyakazi wa Blue Reef Aquarium mjini Newquay, Uingereza, walilazimika kuvunja mpangilio wa tangi la maonyesho baada ya matumbawe kukatwakatwa na samaki kujeruhiwa kwa muda mrefu bila mhusika kuonekana, wakamkuta mnyoo wa zaidi ya mita moja. Aliingia akiwa mdogo, akakulia mle mle.

Kuhusu kaa, natazama magando kwanza. Kaa mwenye manyoya mwilini na magando mazito yenye ncha nyeusi humtoa bila kusita, kwa sababu leo anakula mwani na kesho, akishakua, anashika konokono na samaki waliolala. Kaa bapa mwepesi anayepunga viungo viwili vyenye umbo la pepeo mbele ya mdomo ili kuchuja maji hana madhara, na mawe ya Ghuba huja nao wengi. Vilevile, anayenunua tumbawe la Acropora au Pocillopora kutoka Pasifiki akamkuta kaa mdogo mwororo wa jamii ya Trapezia katikati ya matawi asimwondoe, kwa maana huyo ni mlinzi wa tumbawe hilo, na baharini hupambana hata na kiti cha pweza mwenye miiba anayekula matumbawe. Kaa mbaya humnasa kwa glasi ya kawaida ya kunywea maji iliyoegemezwa kwenye jiwe, ikiwa na kipande cha nyama ya kamba ndani. Hupanda kwa urahisi akiwa nje, huingia, kisha kuta laini za kioo humshinda kutoka.

Kamba vunjajungu anahitaji maelezo zaidi, maana yeye ndiye sababu ya watu wengi kuyaogopa mawe ya Ghuba. Si kamba wa kweli. Ni wa kundi la Stomatopoda, na aina inayopatikana mara nyingi kwenye mawe ya huku ni Neogonodactylus wennerae, ambaye hazidi sentimita chache. Udogo huo usimdanganye mtu. Mikono yake hukunjwa chini ya kifua na kufyatuliwa kwa kasi ya kutisha. Kwa aina kubwa zaidi, Odontodactylus scyllarus, mtafiti Sheila Patek na wenzake waliipima mwaka 2004 wakapata hadi mita 23 kwa sekunde. Dalili zake ni mlio wa kugongagonga usiku, magamba ya konokono yaliyopasuliwa, na kaa wadogo wanaopungua. Hata hivyo mlio peke yake si ushahidi, kwa kuwa kamba bastola wa jamii ya Alpheus naye hutoa mlio mkali kwa gando lake, na huyo anaweza kuishi tangini kwa miaka bila kumkosea mtu. Nangoja mpaka niyaone macho: ya vunjajungu yamekaa juu ya vijiti, na kila moja hugeuka upande wake.

Nikishalijua tundu lake, nalitoa jiwe lote na kuliinamisha juu ya ndoo, tundu likitazama chini, kisha namiminia ndani ya tundu hilo maji ya gesi kwa bomba la sindano. Kwa kawaida huruka nje mwenyewe. Sitii kidole ndani ya tundu lolote la jiwe jipya, wala simruhusu mtoto afanye hivyo. Baada ya kumnasa, nakiri kwamba sipendi kumuua. Ni miongoni mwa viumbe wenye akili na macho ya ajabu kuliko wote niliowahi kuwafuga, na tangi dogo la lita ishirini na kipande cha jiwe humtosha kabisa.

Aiptasia ni habari nyingine, na hapa huruma yangu hukoma. Ni anemoni mwembamba wa rangi ya kahawia iliyopauka, mwenye minyiri mirefu, apendaye kukaa kwenye nyufa na ndani ya mabomba. Huchoma matumbawe yaliyo jirani hadi yajikunje na kufa kingo, lakini ubaya wake mkubwa upo katika namna anavyozaliana. Anaposogea juu ya jiwe huacha nyuma vipande vidogo vya unyayo wake, na kila kipande hukua kuwa anemoni kamili. Kwa hiyo anayemkwangua kwa kisu au kumsugua kwa brashi anampanda, hamwondoi. Ushupavu huo huo ndio uliomfanya apendwe na maabara zinazochunguza jinsi matumbawe yanavyoishi na mwani ndani ya miili yao; mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha KAUST, Saudi Arabia, walichapisha jenomu yake, yaani ramani yote ya vinasaba vyake. Mfugaji wa nyumbani angefurahi zaidi kama wangechapisha dawa.

Wakiwa wachache, nazima pampu, nachanganya hidroksidi ya kalsiamu na maji kidogo hadi iwe uji mzito, kisha naudondosha taratibu juu ya mdomo wa anemoni kwa bomba la sindano bila kumgusa, ili aumeze badala ya kujivuta ndani ya tundu. Uji huo hupandisha pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, kwa hiyo nashughulikia wachache kwa siku moja tu. Wakiwa wengi, silaha ya namna hiyo haitoshi, na hapo ni lazima kuajiri mlaji. Kamba wekundu wenye mistari wa jamii ya Lysmata, ambao aina ya Lysmata boggessi hutoka hapa hapa magharibi mwa Florida, huwala wale wadogo vizuri, ingawa wapo wavivu wanaoona heri kungoja chakula cha samaki. Mnunuzi awe macho asiuziwe Rhynchocinetes durbanensis, anayefanana nao lakini ana mistari myeupe katikati ya ile myekundu, na huyo hula polipi, yaani vijidudu laini vinavyounda tumbawe. Ninayemwamini zaidi ni Berghia stephanieae, konokono mdogo asiye na gamba ambaye hali kitu kingine chochote duniani isipokuwa Aiptasia. Ni ghali, hufanya kazi usiku, huliwa na baadhi ya samaki, na miezi hupita kabla ya matokeo kuonekana. Kisha siku anemoni wa mwisho akiliwa, naye hufa kwa njaa asipohamishiwa kwa mfugaji mwingine mwenye tatizo hilo hilo.

Waliobaki nitawapitia upesi. Konokono wa mirija wanaotega nyavu za ute huzibwa mdomo wa mrija kwa tone la gundi kali ya sianoakrilati ("super glue"). Viti vya pweza vidogo vya Asterina kwa kawaida havina neno. Viputo vya kijani vya mwani wa Valonia vitolewe vikiwa vizima, jiwe likiwa nje ya tangi.

Wapo wanaoshauri jiwe lenye wadudu lichemshwe. Ushauri huo ni wa hatari kuliko mdudu yeyote niliyemtaja. Baadhi ya polipi za Palythoa na Zoanthus, jamaa za matumbawe zinazoota juu ya mawe, hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zijulikanazo, iliyotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka kwa viumbe wa Hawaii, na mvuke au matone yanayorushwa na brashi hutosha kuifikisha mapafuni. Mwaka 2018, katika kijiji cha Steventon, Uingereza, familia moja ililazwa hospitalini pamoja na wazimamoto walioitwa kusaidia, baada ya tangi la matumbawe kusafishwa nyumbani. Jiwe lililoshindikana kabisa huliacha likauke nje, mbali na watu, kwa wiki nyingi, nikiwa nimevaa glavu na miwani wakati wa kulibeba.

Matumbawe yenyewe nayo huleta wageni wake. Mnyoo bapa Prosthiostomum acroporae hafahamiki kwa macho juu ya tumbawe analolila, na dawa ya kuchovyea humwangusha yeye lakini haiyafikii mayai yake, ambayo hugandishwa kwenye sehemu tupu ya mifupa ya tumbawe. Nayakwangua mayai, nakata na kutupa sehemu ya chini iliyokufa, kisha narudia kuchovya kila wiki kwa wiki sita, tumbawe likiwa bado karantini.

Hakuna kinachotolewa tangini kwangu kinachorudishwa baharini, hata kile kilichotoka Ghuba. Kinahamishwa au kinagandishwa kwenye friza, na maji yake humwagwa kwenye bomba la maji taka la nyumba, si mtaroni. Sheria ya Florida inakataza kuachilia viumbe wa kigeni, na sababu yake inaonekana kwa kila mpiga mbizi wa huku: samaki wa jenasi ya Pterois, wenye milia na mapezi marefu ya sumu, ni wenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, pamoja na pwani yetu ya Afrika Mashariki. Katika maji ya Florida wa kwanza aliripotiwa karibu na Dania Beach mwaka 1985, na biashara ya samaki wa matangi ndiyo inayotajwa kuwa chanzo. Leo wametapakaa Karibi yote wakila makinda ya samaki wa miamba.